Visu vya Wanza na Baridi ya Mtungi

Oyugi alizaliwa Voi, katika nyumba za reli, kwa baba aliyekuja kutoka Nyanza kufunga mataruma ya njia ya treni na asirudi tena kwao ila kwa mazishi. Ufundi wa chuma aliuokota kwenye karakana ya reli. Alikuwa akitumwa kumpelekea baba yake chakula, naye akichelewa makusudi ili atazame nyundo zikishuka. Alipokua, alijenga kibanda cha mabati kwenye mtaa wa jua kali, akaweka kipande cha reli kuwa fuawe, akaanza kufua visu kutoka kwenye springi za malori yaliyoharibikia barabara ya Mombasa. Kwa miaka mingi ilikuwa vigumu kumpata mkata mkonge au mwuza nyama wa Voi ambaye kisu chake hakikutoka kwa Oyugi. Watu walisema "kisu cha Oyugi" kama vile wanavyosema maji ya chemchemi ya Mzima, kana kwamba hakuna mengine.

Kisha akaja Wanza.

Alikuwa binti wa mhunzi mmoja wa Kibwezi, mzee Kimanzi, na alikodi kibanda kilichotazamana na cha Oyugi, ng'ambo ya njia. Mwanzoni Oyugi hakumtilia maanani. Alimwazima koleo na kumwonyesha mahali pa kununulia makaa. Jioni moja alimwambia mkewe Lorna kwamba yule msichana atachoka kabla ya mvua za vuli, arudi kwao akauze maembe.

Wanza hakuchoka. Baada ya muda akaanza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona Voi.

Huko Werugha, milimani kwenye ukungu, kulikuwa na mtu aitwaye Mwandawiro, aliyepandisha ng'ombe wa maziwa kwa mbegu za fahali zilizogandishwa. Mbegu hizo huhifadhiwa ndani ya mtungi wenye nitrojeni, gesi iliyopozwa mpaka ikawa maji, baridi yake imeipita barafu mbali sana. Wanza alimtengenezea Mwandawiro kisu cha kukatia kwato, naye Mwandawiro, kila aliposhuka Voi kujaza mtungi, akawa anampa yale masalio yaliyobaki chini. Wanza aliyamimina kwenye sanduku la kuhifadhia baridi, akalaza humo visu vyake alivyotoka kuvichovya kwenye mafuta. Moshi mweupe ulifurika ukingoni, ukatambaa sakafuni hadi nje. Waendesha bodaboda walizima pikipiki waje kuona. Akina mama waliacha vikapu.

"Chuma ukikipasha moto na kukizima kwenye mafuta, kinakuwa kigumu," Wanza aliwaeleza. "Lakini kuna sehemu ndani inayogoma, inabaki laini. Baridi hii inaimalizia."

Oyugi aliyasikia yote akiwa kwake. Alipiga nyundo kwa nguvu zaidi ili asisikie, na bado akasikia.

Lililomchoma hasa lilitokea mahali pengine. Lorna alikuwa na kibanda cha chakula karibu na stesheni. Mchana mmoja Oyugi alikwenda kula akamkuta anakata sukuma wiki, nyembamba kama nyuzi, kwa kisu asichokijua. Alikichukua, akakigeuza. Mgongo ulinyooka vizuri. Mpini ulikuwa wa mti wa mpingo.

"Mama Okoth, hiki umetoa wapi?"

"Kwa Wanza."

"Na vyangu?"

"Vyako viko pale." Alionyesha kwa kidevu. "Vyako nanoa kila asubuhi, Baba Okoth. Hiki sijakinoa tangu nikilete. Ungetaka nikuambie uongo?"

Oyugi alikirudisha kisu ubaoni. Ugali ukaletwa, na samaki, akaviangalia mpaka vikapoa. Afadhali angesikia kwamba mkewe ameonekana na mwanamume. Angalau hapo angejua aanzie wapi kugomba.

Tangu siku hiyo hakumsalimia Wanza tena. Kila mteja alipovuka njia kwenda upande wa pili, Oyugi alihisi kama amekanyagwa. Alijisemea moyoni kwamba yule msichana hana lolote, ana mtungi tu. Mimi nikiupata huo mtungi, nani atamtazama? Wazo hilo lilimliwaza, kisha likamkereketa zaidi, mpaka akafua kisu kimoja kwa uangalifu wote aliokuwa nao, akakizima kwenye mafuta, akakifunga gazetini na kupanda nacho Werugha.

Alimkuta Mwandawiro kwenye zizi la mama mmoja aitwaye Mable, amemaliza kazi, ananawa mikono.

"Daktari, Wanza amenituma," Oyugi alisema. Uongo ulimtoka kirahisi kuliko alivyotarajia. "Anataka nijaribu hiki kwenye baridi yako."

Mwandawiro hakuwa mtu wa maswali. Alimimina nitrojeni kidogo kwenye ndoo. Ikachemka kama chai. Oyugi akakizamisha kisu.

Ilisikika sauti ndogo, tik, kama ukucha ukigonga glasi.

Alipokitoa, ufa ulikuwa umekata kutoka kwenye makali hadi mgongoni. Mwandawiro aliinama, akatazama, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Pole, mzee. Vya Wanza huwa havifanyi hivi."

Maneno hayo Oyugi alishuka nayo mlimani, nayo hayakuwa mepesi. Lakini alipofika Voi alikuwa ameshapata la kuyafanyia. Alikitundika kile kisu chenye ufa mbele ya kibanda chake, na kila aliyeuliza alimwambia, "Hiyo ndiyo kazi ya baridi. Inakula chuma kwa ndani. Siku moja kitakatika kimrukie mtu jichoni." Hakusema kisu kilikuwa cha nani. Aliyetaka kudhani ni cha Wanza, alimwacha adhani.

Habari zilifika kwenye shamba moja la mkonge nje ya mji. Nyapara wa pale, Kituku, alikuwa karibu kuagiza visu vyote vya msimu kwa Wanza. Akasita.

Wanza alivuka njia asubuhi iliyofuata, aproni yake ya ngozi ikiwa bado kiunoni.

"Shikamoo, mzee Oyugi. Nasikia umesema visu vyangu vitavunjika."

"Nimesema nilichoona."

"Umekiona wapi?"

Oyugi alijitia kutafuta nyundo.

"Mwandawiro amenipigia simu," Wanza alisema. Sauti yake haikupanda. "Sikuja kugombana. Twende kwa Kituku. Mimi nitafua visu kutoka springi moja. Nusu vitaingia baridi, nusu havitaingia. Wewe lete vyako. Kituku atie alama kwenye mipini na kuifunga kwa vitambaa, wakataji wasijue kipi ni kipi. Wakate mkonge, waseme wenyewe."

Angekataaje? Majirani walikuwa wamesimama wanasikiliza. Zaidi ya hapo, ndani kabisa, alikuwa akiomba jambo lile litokee.

Siku ya jaribio jua liliwaka tangu mapema. Wakataji waliingia kwenye mistari ya mkonge, majani yakawa yanaanguka na kufungwa mizigo. Oyugi na Wanza walikaa kivulini kando ya trekta, kila mmoja ametazama upande wake, hakuna aliyemkaribisha mwenzake maji. Ilipokaribia saa ya chakula Kituku aliwaita wakataji, akasikiliza kila mmoja amesifu kisu kipi, akakusanya visu, ndipo akafungua vitambaa vya mipini kimoja kimoja. Mkataji mmoja alikuwa amesifu kisu cha baridi. Wa pili alikuwa amesifu kile ambacho hakikuguswa na baridi. Wa tatu alisema vyote ni sawa, ataondoka na chochote. Walirudia kuvipima kwenye kamba na kwenye jani bichi, na hakuna aliyeweza kuvitenganisha.

Moyo wa Oyugi uliruka. "Nilisema!" alipaza sauti. "Baridi ni maigizo! Ni moshi wa kuitia watu!"

Wanza aliketi juu ya mzigo wa mkonge, uso umemshuka.

"Ni kweli, mzee," Kituku alisema polepole. "Lakini hivi vyako je?"

Visu vya Oyugi vilikuwa vimelala peke yake karibu na gurudumu. Wakataji walivitupa asubuhi ile ile. Viwili makali yalikuwa yamepinda, kimoja kimemeguka ncha.

"Vya Wanza bado vinakata," Kituku aliendelea. "Vya baridi na visivyo vya baridi."

Oyugi alisimama pale, kicheko kikamkauka mdomoni. Muda wote aliuonea wivu mtungi, na mtungi mtu anaweza kuutafuta. Sasa mtungi ulikuwa umeondolewa, na kilichobaki mbele yake ni mikono ya binti wa watu. Hiyo angeinunua wapi?

Alimtazama Wanza akitarajia kumwona anaringa. Alimwona anafuta macho kwa kiganja chenye masizi.

"Basi nimekuwa nikiwadanganya watu," Wanza alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Niliona kwenye simu wazungu wakifanya, nikaamini."

Oyugi akamgeukia Kituku, na maneno yakatoka kwa shida kama jino.

"Kile kisu nilichotundika ni changu. Nadhani nilikipasha moto kupita kiasi, ndipo baridi ikakipasua. Mpe huyu kazi yako. Visu vyake havitamrukia mtu."

Walirudi mjini kwa trekta moja. Njiani, kelele za injini zikiwasitiri, Oyugi aliuliza bila kumtazama, "Chuma unakipasha mpaka wapi?"

"Mpaka sumaku ikatae kukishika. Nangoja kidogo tu, nachovya. Halafu nakioka kwenye oveni kisivunjike kirahisi, kinapoa, nakioka tena. Wewe unapitiliza, mzee. Naona kutoka kwangu, chuma kinakuwa cha manjano kabisa."

"Umeona siku zote hizi na hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Salamu zangu ulikuwa huzijibu."

Oyugi alinunua sumaku. Visu vyake vikawa bora, ingawa si bora kama vya jirani yake, na hilo alilijua kabla mtu hajalisema. Wivu haukumtoka. Kuna asubuhi aliona watu wamejaa mlango wa pili, akapiga chuma kilichokwisha kupoa.

Wanza aliacha kuvitia visu vya springi kwenye baridi. Lakini hakuutupa mtungi. Alianza kufua visu vya wauza nyama kutoka kwenye beringi kubwa za malori, chuma cha aina nyingine, na hapo akaja mwenyewe kumwomba Oyugi awe mpimaji, kwa kuwa, alisema, hakuna mtu Voi atakayetafuta kasoro zake kwa bidii kama yeye. Oyugi alivitafutia kasoro kwa moyo wote. Alikata kamba za mkonge mpaka mkono ukafa ganzi, akirudia na kurudia, akitumaini kuona vilivyoingia baridi na visivyoingia viko sawa kwa sawa. Vile vya beringi vilivyolala kwenye baridi vilidumu kidogo zaidi. Si sana, lakini kila aliporudia, ilikuwa vile vile.

"Sema ukweli, mzee," Wanza alimwambia.

"Kwa beringi, inasaidia," Oyugi alikiri, akakirudisha kisu mezani. "Kidogo."

"Kidogo inatosha."

Oyugi alimwona anatabasamu, akaona uchungu umempanda tena kifuani, akavuka njia kurudi kwenye tanuri lake kabla makaa hayajazimika.