Utomvu wa Fenesi kwenye Pijo ya Abdillahi

"Utautoa wewe! Kwa kucha, kwa meno, kwa ulimi, utautoa!" Abdillahi alifoka, mate yakaruka mpaka Mambrui.

"Mti u kwangu, gari umelileta mwenyewe," Shekha akamjibu, naye kakaa juu ya mbuzi akikuna nazi, hata macho hainui.

Nilikuwepo, nimeegemea ukuta wa ua wake pale Malindi, mwaka wa themanini na nne. Shekha alikuwa jirani yangu, muuza mafenesi tangu ujana wake. Na mfenesi wake ule haukuwa wa mchezo. Kunguru mmoja alitua kwenye tawi lililokatwa, akanasa, akazeekea pale pale mpaka akaota mvi.

Huyu Abdillahi alikuwa dereva wa teksi, na Pijo yake nyeupe aliipenda kuliko mamake mzazi. Kila adhuhuri aliingia nayo uani kwa Shekha, akaiegesha kivulini bila hodi wala ahsante. Siku ile utomvu ulikuwa umedondoka na kuganda kuanzia boneti mpaka milango, na laasiri ile ile Pijo ilitakiwa ikamchukue bibi arusi, binti wa Mzee Awadh.

Asilolijua ni kwamba asubuhi Shekha alipanda juu ya kinu akalichanja tawi mahali saba. Najua, maana kinu nilikishika mimi.

Mwasema, kisa nini? Miaka miwili nyuma, Mahfudha, binti wa Shekha, alishikwa na uchungu. Shekha akampigia Abdillahi magoti ampeleke hospitali. Abdillahi akasema, "Viti vipya hivi, Bi Shekha. Damu haitoki." Mahfudha akapakiwa kwenye mkokoteni wa muuza maji, akajifungua njiani, kati ya madebe. Mtoto yule hata leo halali mpaka kitanda kisukumwe, na akisikia gurudumu linalia anadhani aitwa. Shekha akaliweka neno lile moyoni miaka miwili.

Sasa Abdillahi akashusha sauti. "Bi Shekha, nimejaribu maji na sabuni, wapi! Sufuria zako hung'ara kama kioo. Wazitakatishaje?"

"Kwa jivu na kumbi la nazi, mwanangu. Na nguvu za mkono."

Hakusema uongo hata herufi moja. Lakini Abdillahi alikuwa amekula fenesi miaka arubaini akiletewa kwenye sahani, kokwa zimetolewa. Hajapata kulipasua hata moja. Angalilipasua, angalijua kuwa kwetu hata kitoto cha kike hupaka mafuta ya nazi kwenye kisu na viganja kwanza, na utomvu ukishashika, ni mafuta hayo hayo yautoayo.

Akalichota jivu. Akasugua boneti, akasugua, akasugua, kumbi linalia kwarakwara. Jasho lililomtoka lingemwagilia mashamba ya Jilore yote. Alipofuta jivu, rangi ilikuwa imekwenda nalo. Kipande kikubwa kama sinia la pilau, chuma kitupu.

Abdillahi akashika kichwa.

Shekha akainuka taratibu, akatoa kichupa chini ya kanga. Akatia mafuta ya nazi juu ya tone moja la utomvu mlangoni, akangoja kidogo, akafuta kwa ncha ya kanga. Pakang'ara. Ungeweza kujipaka wanja hapo.

Abdillahi akapepesa macho. "Ulijua!"

"Tangu sijavunja ungo."

"Mbona hukuniambia? Arusi ya watu hii! Mzee Awadh ataniua!"

Nilicheka mpaka nikauma leso.

"Utomvu hutoka, Abdillahi," Shekha akasema, akimkazia macho kwa mara ya kwanza siku ile. "Wewe ndiye uliyeniambia kisichotoka. Basi leo, mbele ya huyu jirani yangu, nataka nikusikie ukisema tena vile ulivyoniambia mwanangu akiwa—"

"Hodi humu!"

Mzee Awadh akaingia, mikono imejaa vikuba vya asumini vya kuipambia Pijo.