Alama Kwenye Udongo wa Kichuguu

Uwanja wetu wa tenisi pale Malindi ulikuwa wa udongo wa kichuguu, uliopondwa, ukachekechwa na kushindiliwa tangu zama za wakoloni, kati ya vile vita vikuu viwili. Mashindano yake ya kila mwaka yalianza wakati huohuo, na majina ya washindi yaliandikwa kwenye ubao ukutani mwa klabu. Juu yalikuwa ya Wazungu watupu. Chini, miaka ya themanini, yalianza kuingia ya kwetu. Mimi, mwalimu niliyetoka bara nikapanga chumba mtaa wa Barani, nililitamani jina langu pale kuliko nilivyotamani kupandishwa cheo. Mke wangu alinicheka. "Jina hilo linaliwa?" aliuliza, lakini majirani alikuwa ameshawaambia kwamba litaandikwa.

Mwaka nilioingia fainali, mpinzani wangu alikuwa mfanyabiashara wa Mambrui, mtu mzima aliyenipita miaka kama kumi na mitano, mwenye kitambi na mkono wa hila. Nilimwamkia shikamoo, kisha nikaanza kumkimbiza. Yeye akanikimbiza zaidi.

Hatukuwa na mwamuzi. Kwenye udongo mpira huacha alama, na desturi yetu ilikuwa kwamba mpira ukibishaniwa, wachezaji wote wawili huiendea alama wakaitazama pamoja. Seti ya mwisho, nikiwa nimebakiza pointi moja tu nishinde, alipiga mpira mrefu ukaangukia nyuma yangu, kwenye mstari.

"Nje," nikasema, upesi mno.

Alikuwa ameanza kuja kutazama pale adhana ya alasiri iliposikika. Akaegemeza raketi yake kwenye wavu.

"Tutaitazama nikirudi, mwalimu," akasema, akaenda msikitini.

Nikainama. Alama ilikuwa imekwangua chokaa ya mstari, wazi kabisa. Mpira ulikuwa ndani.

Mzee aliyetunza uwanja naye alikuwa na desturi yake: wachezaji wakitoka, uwanja hufagiliwa na mistari hupakwa chokaa upya, hata kama wametoka kunywa maji tu. Nilimwona akija na ufagio wake mpana. Ningeweza kumzuia kwa neno moja. Badala yake niliketi kwenye benchi nikafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Aibu ile ninayo hadi leo.

Mpinzani wangu aliporudi, uwanja ulikuwa safi.

"Alama i wapi?"

"Imefagiliwa."

Nilitegemea atakasirika. Akatabasamu tu. "Basi neno lako latosha. Wewe ndiwe uliyekuwa karibu nayo."

Angebisha, ningebisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, na kwa ugomvi mimi si haba. Kuaminiwa sikuwa nimejiandaa nako.

"Ulikuwa ndani," nikasema.

Tukaendelea, nikashindwa, tena vibaya. Nilikuwa nimelitaka lile jina ubaoni mpaka nikalala nalo na kuamka nalo, na sasa lilikuwa limekwenda, nami nikajikuta nina furaha. Nilishangaa mwenyewe.

Tulipopeana mikono, hakuniachia upesi.

"Niliiona chokaa ikiruka," akaniambia kwa sauti ya chini. "Tangu mwanzo nilijua ulikuwa ndani."

"Mbona hukusema?"

"Adhana ilikuwa ishalia, mwalimu. Nikaona bora nikakuombee."