Siku Niliyomwambia Sir "Veri Gudi"

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nikiwa na trei ya chai kwenye ofisi moja ya Jumeirah Lake Towers, hapa Dubai, Sir, bosi wa ofisi, akaniita kwa jina langu. Siku zote nilikuwa "tea, please" tu. Siku hiyo akasema, "Halima, njoo ukae hapa." Wallahi nusura niangushe glasi zote.

Ofisi ile ilitengeneza programu za kompyuta za kufundishia historia na utamaduni wa Marekani. Picha zinatembea, sauti zinasimulia, ramani ukiibonyeza inafunguka na muziki wa watu wa pale unalia. Walikuwa wametengeneza toleo la Kiswahili kwa ajili ya shule za kwetu, na kabla ya kulituma walitaka lijaribiwe na mtu wa kwetu, tena asiyejua lolote kuhusu Marekani. Nani kama mimi, msichana wa Tanga, mpika chai? Sir akasema nikifanya vizuri huenda akanitoa jikoni, aniweke na wale wanaojaribu programu.

Ee mwanangu, raha niliyoiona saa mbili zile! Nilivaa hedifoni, nikapita kwenye mashamba ya pamba, nikasikia treni ikivuka bara zima, nikaona familia mezani imezunguka bata mzinga aliyeokwa, mkubwa kama mtoto wa miaka miwili. Nilicheka peke yangu. Shuleni kwetu historia ilikuwa ubao na kunakili. Sikujua kama inaweza kukuita ukaifuata.

Halafu nikafika kwenye somo la basi. Mwanamke mweusi amekaa, dereva anamwamuru asimame ampishe mzungu, naye anakataa mpaka polisi wanamchukua. Likaja swali: kwa nini alikataa? Nikabonyeza jibu lililosema alikuwa amechoka kuonewa. Kompyuta ikapiga honi, ikaandika KOSA. Jibu sahihi, ikasema, ni kwamba miguu ilikuwa inamuuma.

Nilijua si kweli. Mimi kazi yangu ilikuwa ya kusimama kutwa, na maumivu ya miguu nayajua. Hakuna anayekubali kwenda jela kwa ajili ya miguu. Lakini Sir alipokuja kuuliza, "Khalas, umemaliza? Hakuna tatizo?" mimi, kwa mdomo wangu huu, nikajibu, "Khalas, sir. Veri gudi." Unajua tena, kwetu ukikaribishwa chakula huanzi kulalamikia chumvi. Na hapa Dubai nilishafunzwa kwamba madam na sir hawakosolewi. Nikachukua adabu zangu zote mbili nikazifanya uongo mmoja.

Ijumaa nikaenda mtaa wa Satwa kwa Bi Zuwena, fundi cherehani wa Kizanzibari aliyetulea wasichana wengi wa kwetu mjini hapa. Nilitaka anishonee blauzi ya kuvaa kwenye hiyo kazi mpya, maana nilishaanza kuiota. Nikamsimulia yote kwa furaha, hata lile swali nikalisimulia kama kichekesho. Bi Zuwena akasimamisha cherehani.

"Na hao watoto wa shule," akaniuliza, "nani atawaambia kama jibu lao lilikuwa sawa?"

"Bibi, mimi mpika chai tu. Nikimkosoa Sir akinirudisha nyumbani je?"

"Khaa! Weye umetoka kumtazama mwanamke aliyekataa kunyanyuka, halafu ukanyanyuka. Huyo bwana alokwita ukae alitaka sifa kwako? Sifa anazo tele. Hiyo blauzi siikati mpaka urudi ukaseme."

Niliona haya, mwanangu, mpaka masikio yakawaka moto.

Jumapili, ambayo enzi zile ndiyo iliyoanzisha wiki ya kazi, nilimsubiri Sir mlangoni. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba nilidanganya, swali la basi si sawa. Akanikazia macho. Mimi nikawa nawaza tiketi ya kurudi Tanga. Akafungua toleo la Kiingereza, akasikiliza somo zima, akabonyeza jibu langu. Honi ikalia. Akaita vijana wake wote. Kumbe hata toleo hilo lilikuwa vilevile, na kila aliyelijaribu alisema ni zuri! Watu wasomi, mwanangu, wenye vyeti vyao!

"Halima," akasema Sir, "kuna kingine ulichokiona ukaninyamazia?"

"Vipo vingi, sir."

"Yalla, haya, kaa." Akanivutia kiti mwenyewe. Nilikaa mpaka adhuhuri nikimwonyesha, na chai siku hiyo walijipikia. Mwezi uliofuata nikatoka jikoni.

Basi wewe unayeanza kazi wiki hii, nisikilize. Ukiulizwa unaonaje, sema ulichokiona. Sema kwa heshima, hata kwa sauti ya chini, lakini sema. Ukikuta umenyamaza, rudi upesi, maana mimi nilibahatika tu kukuta programu haijatumwa. Sikufichi, wapo mabosi watakaokasirika. Sema hivyohivyo, kwa sababu kazi yako inakwenda kwa watu usiowajua. Mimi nikifikiri kwamba kuna mtoto mahali fulani, Tanga au Kisumu, aliyebonyeza jibu lile na kompyuta ikamwambia "Umepata!", mpaka leo nataka kupiga vigelegele.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe riziki ya halali, akupe ulimi usioogopa, na akujalie mabosi wenye masikio.