Yowe Lisiloitikiwa

Mume wangu alikuwa na shingo ngumu, Mungu amrehemu, na shingo hiyo ndiyo iliyofanya tutengwe na kijiji kizima.

Tulikaa upande wa Didia, chini ya mlima wa mawe. Miaka ile serikali ya kikoloni ilikuwa imeamuru pori lifyekwe ili mbung'o wafe. Watu walipangwa mistari na mashoka yao, wakafyeka mpaka ukisimama mlangoni unaona moshi wa kijiji cha pili. Mbung'o walipungua kweli, sikatai. Lakini kila kilichokuwa kikiishi porini kilikimbilia mlimani kwetu: kanga, digidigi, nyani, pimbi wasio na idadi, na chui tuliyemsikia bila kumwona. Chemchemi yetu nayo ilitoka huko huko, katikati ya miti. Ndipo watu wakakubaliana, bila kuambiwa na bwana shamba wala mtemi, kwamba mlima ule usiguswe. Hakuna kukata mti, hakuna kutega, hakuna kuwafukiza pimbi mapangoni. Majani ya chini ya mlima yakawekwa ngitili, yaani malisho yaliyofungwa mpaka wazee wayafungue kiangazi kikizidi. Walinzi tulikuwa sisi wenyewe, wanaume kwa wanawake, kwa zamu, bila ujira. Hata mimi nilishika zamu, na nilijivuna nayo.

Mkubwa wa zamu ya wanawake alikuwa jirani yetu mmoja, mjane, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Nilimwita mayu, kama Wasukuma tunavyowaita mama zetu. Yeye ndiye aliyenipokea nilipoolewa, na ndiye aliyenizalisha mtoto wangu wa kwanza. Ndiye pia aliyemkuta mume wangu ndani ya ngitili alfajiri, ng'ombe wetu wa maziwa akila kwa raha zake.

Wazee walimtoza dume la ng'ombe. Mume wangu akasimama mbele ya mkutano akasema, "Ng'ombe wangu anakufa kwa njaa, ninyi mnalinda nyani! Dume sitoi." Hapo angekaa chini, mambo yangepoa. Lakini akaongeza, "Siku mlima wenyewe ukiungua, tutaona mtalinda nini."

Basi tukatengwa. Asiyewahi kutengwa hudhani ni jambo dogo. Hakuna anayekusalimu. Moto ukikuzimikia, hakuna anayekupa kaa. Ukipiga yowe, hakuna anayekuja. Na yeyote atakayekujibu, hata neno moja, anatengwa pamoja nawe mpaka alipe dume lake. Nilikuwa nikifika chemchemini wanawake wananyamaza, wanajitwisha mitungi, wanaondoka. Nilianza kuzungumza na mtoto mgongoni kwa sauti kubwa, habari za mboga na za jua, ili angalau mtu anisikie. Mayu alipita mlangoni kwangu kila siku, macho mbele. Nilimchukia, na nilimchukia zaidi kwa sababu haki ilikuwa yake.

Siku ya moto, mume wangu alikuwa amewapeleka ng'ombe mbali kutafuta maji. Ilikuwa mchana, upepo mkali unavuma, nikaona moshi mlimani. Yowe likapigwa kutoka boma hadi boma. Halikuwa yowe la kuniita mimi, lakini nilikimbia. Mtoto nilimbeba, maana ningemwachia nani? Njiani neno moja tu lilinizunguka kichwani, lile neno la mume wangu kuhusu mlima kuungua. Nilijua kila mtu analikumbuka.

Na kweli walilikumbuka. Nilipofika, watu walikuwa wamejipanga mstari, wakipiga moto kwa matawi mabichi. Mwanamume mmoja alinitazama, kisha akasema kwa wenzake, si kwangu, "Wenye moto wao wamekuja kuutazama." Nilitamani kumchapa kwa tawi. Nikavunja la kwangu, nikashika mwisho kabisa wa mstari, nikapiga. Pimbi walipita miguuni mwetu wakilia, hawamwogopi mtu tena. (Kesho yake zilionekana nyasi zilizoungua kwenye mdomo wa pango, na nyayo za wawindaji wa mbali waliokuja kuwafukiza pimbi. Lakini siku ile nani angejua?)

Kwa kuwa nilikuwa mwishoni, niliona ambacho wenzangu hawakukiona. Cheche zilikuwa zimeruka korongo. Moto wa pili ulikuwa unapanda taratibu nyuma yetu, kuelekea chemchemi. Ungefika juu, chemchemi ingekwisha, na sisi wote tungebaki katikati.

Nikapaza sauti, "Moto uko nyuma! Korongoni!"

Hakuna aliyegeuka. Nikapiga yowe, lile lenyewe la hatari, ambalo kwetu hata adui huliitikia. Niliona migongo ikikakamaa. Walisikia! Walisikia wote, wakaendelea kupiga moto wa mbele, kwa sababu aliyelia ni mimi. Mtoto alikuwa anakohoa mgongoni. Sijawahi kuwaona watu wema wakiwa wapumbavu kiasi kile.

Nikamlilia mmoja tu. "Mayu! Mayu, geuka!"

Tawi lake likasimama hewani. Akanitazama, mara ya kwanza tangu siku ya mkutano.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema. Akageuka, akaona. Kisha ile sauti yake ikatoka, na wote wakateremka mbio korongoni.

Upande mmoja wa mlima uliungua. Chemchemi na miti yake tuliiokoa, na hakuna aliyekufa. Jioni, sote tukiwa weusi kwa masizi, mayu akasimama mbele ya wazee kabla hawajamwita. "Nilimjibu," akasema. "Mmenisikia. Nitengeni."

Na wakamtenga! Sheria ni sheria, walisema, huku wakitazama chini. Mjane peke yake, asiye na dume wala ndama. Nililia kwa hasira mpaka nyumbani.

Mume wangu alirudi nikamweleza yote. Chakula hakukigusa. Asubuhi akalifungua dume letu kubwa, akaliswaga mpaka kwa wazee. "Hili ni la mayu," akasema. "Mimi niacheni nilipo." Hakika, hata siku ya kunyenyekea alinyenyekea kwa kiburi. Kwa ajili yangu, niliyekaa na njaa ya salamu, hakuwa amefungua hata mbuzi! Wazee wakanong'onezana, kisha wakasema mambo yote yametoka kwenye kosa moja, na dume moja litatosha kwa wote.

Kesho yake nilikwenda chemchemini. Wanawake walinigeukia kwa pamoja, "Mwangaluka!", salamu yetu ya asubuhi, kama vile hapakutokea kitu. Nikatua mtungi, nikanyamaza. Nilitaka waonje kidogo walichonilisha. Mayu, aliyekuwa akichota, aliinua uso akanitazama, naye akangoja kama wengine. Nilikusudia kunyamaza zaidi, lakini sikuweza. Niliitikia huku nalia.