Nyaya Zilizochomoka

"Huyu hatatengeneza hata mwiko." Ndivyo majirani walivyosema nilipojenga tanuru langu nyuma ya nyumba ya baba, nje kidogo ya Sumbawanga. Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na diploma ya ufundi mitambo, niliyoisomea huku nikibeba zege, bila mjomba wala mfadhili. Wao walitegemea nirudi na gari.

Nilitaka kutengeneza kishikizo cha ekseli ya mkokoteni wa ng'ombe, cha alumini yenye nyaya za chuma ndani. Alumini ni nyepesi ila hupasuka. Nyaya ndizo zingebeba mzigo. Ufipa yote sijasikia aliyejaribu kabla yangu. Alumini niliazima kwa majirani, sufuria zao zilizotoboka, nikaahidi kumrudishia kila mama sufuria mpya ya mkono wangu.

"Injinia wa sufuria!" mwenye duka la jirani alinitania. "Ukishindwa, ugali tutapikia kwenye diploma?"

Nyaya nilizisugua kwa msasa mpaka zikang'aa, nikazilaza kibarazani. Asubuhi nikazipasha moto, nikamimina. Kishikizo kilitoka kizuri, nikakifunga kwenye mkokoteni wa baba.

Safari ya kwanza na magunia ya mahindi, kilivunjika mteremkoni. Mkokoteni ulipinduka, ukamvunja maksai mmoja mguu. Ilibidi achinjwe palepale. Walionicheka ndio waliokuja kununua nyama.

Niliokota vipande mbele yao. Nyaya hazikukatika. Zilikuwa zimechomoka nzima, nyeusi kama tako la sufuria, zikaacha matundu laini.

"Alumini haikushikana na waya," niliwaambia. "Mafuta yameingia katikati, yakaungua yakawa masizi. Mzigo ulipokuja, waya ukateleza."

Kisha baba akasema, "Nilizipaka mimi, mwanangu. Mafuta ya alizeti. Nilihofia umande utazitia kutu."

Ndivyo alivyoyatunza majembe yake kila baada ya mavuno: huyafuta, huyapaka alizeti, huyatundika.

"Umesikia?" nilimgeukia mwenye duka. "Hesabu yangu haikuwa na kosa."

Mwenye duka alitazama chini. Baba pia.

Nyaya za pili nilizifungia chumbani kwangu. Kishikizo nilichomimina nazo kinabeba mzigo mpaka leo, na mtu wa Matai mwenye mikokoteni ameniagiza vingine. Baba analima na maksai mmoja wa kwake na mwingine wa kuazima.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, nilizungusha sufuria nilizoahidi nyumba kwa nyumba. Ya mwisho ilikuwa ya shangazi. Aliigonga kwa kidole, akasikiliza.

"Inalia vizuri. Baba yako siku hizi haongei, ana nini?"

"Mzima tu, shangazi."

Nilirudi nyumbani sidaiwi sufuria na mtu yeyote. Majembe yalikuwa ukutani, yote mekundu kwa kutu. Chupa ya alizeti ilikuwa chini yake, imejaa.

"Baba, mwaka huu hukuyapaka mafuta?"

"Niliogopa kuharibu," alisema, bila kugeuka.