Karata Zangu Zilizofutwa Nikiombea Chai

Kwa marafiki wote wa ukurasa huu,

Ninaandika kushtaki kitendo nilichotendewa leo mchana, macho yangu yakiwa yamefumbwa kwa maombi.

Kuna mchezo wa karata ninaoucheza kwenye simu. Unapigana na maadui kwa karata, na kila ushindi unakuongezea karata moja. Ukishindwa, zote hupotea, nawe huanza upya.

Kwa miezi mitano sikuwahi kumfikia adui wa mwisho.

Leo, baada ya ibada hapa Nanyuki, nilimfikia.

Alikuwa amebakiza uhai kidogo sana. Karata ya kummaliza nilikuwa nayo!

Ndipo mchungaji akaniita, mimi karani wa kanisa, niombee chai. Niliweka simu mezani, nikasimama, nikafumba macho inavyostahili.

Mama Wanja, mwenyekiti wa akina mama, hakufumba.

Niliposema amina, karata zote zilikuwa zimefutwa.

"Karani, nimekuokoa," akatangaza mbele ya meza nzima. "Hiyo kamari nimeitoa kwenye simu yako."

"Mama, hapa hakuna hata shilingi inayowekwa!"

"Ati karata si kamari? Ngai, Mungu wangu! Na ni wewe unatuombea?"

Watu wakacheka. Mchungaji naye akacheka, mandazi mdomoni.

Mimi si mcheza kamari. Hata hivyo, nusu ya kanisa sasa inaamini kwamba ndivyo nilivyo.

Mama Wanja yumo katika ukurasa huu, na atasoma.

Naomba mwamue: aniombe radhi Jumapili ijayo, mbele ya watu wale wale, ndiyo au hapana?