Pumzi Ndefu Bandani

Usinikunjie uso kabla sijamaliza, nilikuwepo. Kwenye banda letu la kubangua korosho, Milola, madirisha yamepigiliwa misumari tusije tukaiba, na moshi wa kukaangia unatumaliza. Tuliomba dirisha moja lifunguliwe. Bosi akatuletea mwalimu wa afya ya wafanyakazi.

“Mama zangu, vuteni pumzi ndefu.”

Tukavuta. Banda zima likakohoa.

“Safi! Huo ni msongo unatoka!”

“Mwanangu, huo ni moshi unaingia,” nikamwambia.

Bosi akanikazia macho. “Bibi, andika, utie kwenye sanduku la maoni.”

Nikalitazama sanduku. Nalo tundu lake limepigiliwa ubao.

Nikawatoa wenzangu wote, nikatoka wa mwisho, nikawafungia mlango wale wawili wavute vizuri.